Mzee wa Ngamiani anayesoma hati za mirathi za zamani: nyota nne, ya tano nimeibana

Jamani, naandika hii maana mi mwenyewe nlihangaika karibu miezi mitatu kutafuta mtu wa kunisomea karatasi ya mirathi ya kizee na sikukuta hata mstari mmoja wa mtu aliyewahi kupata huduma kama hiyo, kila mahali ni mawakili na apu za simu tu. Sa acha niseme nilichokikuta Tanga, Ngamiani kule kwenye mitaa ya namba. Jina lake silitaji, mwenyewe kakataa, anasema akitangazwa watamjia watu wa majini na nyota na yeye kazi hiyo haifanyi. Ila ukiuliza msikitini baada ya alasiri mtu wa kusoma hati utaoneshwa tu.

Kisa chetu kwanza, bila hicho hamtoelewa kwa nini nimempa nyota alizopata.

Baba yake babu yangu, sisi tunamwita Mzee Mkubwa, aliacha shamba la minazi Pangani ng'ambo ya mto, upande wa Bweni, ule ambao mpaka uvuke na kivuko. Aliacha na nyumba ya mjini na vikorokoro vya ndani. Shamba likakaliwa na babu yangu, akafa, likakaliwa na baba na shangazi zangu, na sisi tumesomeshwa kwa nazi za pale, sifichi. Mwaka juzi akaja mnunuzi wa viwanja vya ufukweni, basi ukoo mzima ukaamka. Watu ambao nlikuwa nawaona kwenye matanga tu wakaanza kupiga simu saa mbili usiku, "vipi ndugu yangu, hivi lile shamba…"

Ushahidi uliokuwepo ni karatasi moja imekunjwa mara nne ndani ya msahafu wa bibi. Imeandikwa herufi za Kiarabu, juu ina bismillahi, kwaio kwa miaka yote hiyo nyumbani tulijua ni dua. Bibi alikuwa anaitoa mtoto akiwa na homa anamfukizia nayo udi. Siyo utani. Imeungua hadi kona.

Nlianza na apu. Ile ya kupiga hesabu za mirathi, unaweka mume, mke, watoto, inakutolea mafungu. Kwa haki yake, apu siyo mbaya, kama baba yako kafa jana na warithi wote mko sebuleni inakupa jibu kabla maji ya chai hayajachemka. Lakini mi nliweka watu walio hai leo, wajukuu na vitukuu, kama vile Mzee Mkubwa kafa wiki iliyopita, ikanitolea majibu ya ajabu, tukayapeleka kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, vita ikaanza hapo hapo. Hafu nikaenda kwa wakili mmoja (simtaji pia), akaishika karatasi kwa vidole viwili akasema hii ya Kiarabu haina kazi, leteni muhtasari wa kikao cha familia. Pesa ya kumwona alichukua.

Huyu mzee sasa. Chumba cha mbele cha nyumba ya kawaida, mkeka, meza fupi ya miguu iliyokatwa, taa ya kuchaji, na kikombe kimejaa kalamu za wino mwekundu na mweusi. Hana kibao nje. Nlimwamkia, nikatoa simu nimwoneshe picha ya karatasi, akanirudishia simu bila kuitazama. "Kijana wangu, karatasi ina mgongo, picha haina. Lete yenyewe." Nikarudi Pangani! Siku nzima imekwenda hivyo, nauli juu. Nlikasirika sana, lakini nlipoileta akaigeuza kwanza nyuma, na kweli nyuma kulikuwa na mistari minne ya wino mwepesi ambayo kwenye picha sikuipiga kabisa kwa sababu nlidhani ni madoa ya udi. Hiyo mistari minne ndiyo imegeuza kila kitu, nitaifikia.

Akaanza kusoma kwa sauti, na wa kwanza kushtuka alikuwa shangazi yangu, maana haikuwa Kiarabu! Kilikuwa Kiswahili kitupu kimevaa herufi za Kiarabu. "Haya ndiyo aliyoyaacha marehemu…" na kuendelea. Miaka yote tunafukizia watoto homa orodha ya masufuria.

Orodha yenyewe tamu. Kitanda cha besera kimoja. Kasha la msaji lenye misumari ya shaba. Sinia tatu, sufuria za shaba mbili, buli, saa ya ukutani "haitembei". Kila kitu kimetiwa thamani kwa shilingi na senti na watu wawili wameandikwa kuwa ndio waliokadiria. Mzee akaeleza vile vitu vya ndani vilivyokuwa vinagawanywa enzi hizo, kwamba kitanda hukikati vipande vinane, kinathaminiwa, anayekitaka anakichukua na thamani yake inakatwa kwenye fungu lake, na wasipoelewana kinapigwa mnada wanagawana pesa. Kitanda cha besera alichukua bi mdogo. Saa isiyotembea hakuitaka mtu, imeandikwa tu "imebaki". Nyumba ya mjini nayo iliuzwa wakagawana, hiyo haina maneno.

Tukafika kwenye neno likatukwamisha robo saa. Imeandikwa "buzi wawili". Mzee anasema waandishi wa zamani ile m ya mbele mara nyingi walikuwa wanaiacha, kwaio ni mbuzi. Shangazi akasema enhee, baba alikuwa anasema kulikuwa na mbuzi wakapotea, nani aliwachukua! Ndugu wa upande wa pili akawa mwekundu. Mzee akaweka kidole kwenye mstari, akauliza polepole, "Wamekaa baina ya sinia na sufuria, thamani shilingi mbili kwa pamoja. Hawa mbuzi wa malisho au wa kukunia nazi?" Watu tulicheka mpaka jirani akachungulia. Ugomvi wa mbuzi uliodumu tangu kabla sijazaliwa uliishia hapo.

Sasa mirathi yenyewe. Kitu ambacho mzee huyu anacho na apu haina ni hiki, hakuuliza kwanza mali ni kiasi gani wala warithi ni kina nani. Aliuliza nani amekufa, na nani alitangulia. Akachora mstari mrefu kwenye karatasi kubwa ya manila, akaanza kupanga vifo kama shanga. Kila kifo kimoja ni mirathi yake peke yake, fungu la aliyekufa linafunguliwa upya linagawiwa warithi wake yeye. Anaita munasakhat. Mtu akifa kabla ya mwenzake kwa siku moja tu hesabu inageuka.

Na hapo ndipo palikuwa na mzizi wa fitina yetu. Mzee Mkubwa alikuwa na watoto wa kiume wanne, na mmoja wao alikufa karibu na kufa kwake. Upande wetu tulikuwa tunasema alikufa kabla, kwaio watoto wake hawana kitu, maana mjukuu harithi kwa babu ikiwa ami zake wapo. Upande wao wanasema alikufa baada. Na wote tuna ushahidi wa mwaka 1373, mwaka wa Kiislamu huo! Karatasi inasema Mzee Mkubwa kafa Rajabu 1373. Kwenye jalada la kitabu cha maulidi cha yule mtoto kuna mkono wa mtu umeandika kafariki mfungo sita 1373. Mwaka mmoja, sa utajuaje. Apu ilitaka tarehe ya Kizungu, tukaweka 1953 kwa wote wawili.

Mzee hakuhitaji hata kitabu. Akahesabu kwa vidole kuanzia Idi: mfungo mosi, mfungo pili, mfungo tatu ndio Hija, mfungo nne mwaka unaanza, mfungo tano, mfungo sita ndio mwezi wa maulidi ya Mtume. Rajabu inakuja miezi minne baada ya hapo. Kwa Kizungu mfungo sita wa mwaka ule inaangukia Novemba 1953, na Rajabu ni Machi 1954. Kwaio mtoto alitangulia. Upande wetu tukapumua, nakiri, mi mwenyewe nlijisikia kama timu yangu imefunga goli.

Akageuza karatasi.

Ile mistari minne ya nyuma ilikuwa wasia. Mzee Mkubwa alijua kabisa kwamba wajukuu zake mayatima wamezibwa na ami zao, na akawawekea minazi 24, "ya upande wa kisima". Wasia unaruhusiwa mpaka thuluthi ya mali, kwa mtu asiyekuwa mrithi, na unatoka kabla mirathi haijagawanywa, baada ya gharama za maziko na madeni, pamoja na mahari ya mke kama haikumalizwa. Shamba lilikuwa na minazi 216. Toa 24, imebaki 192, na ndiyo maana upande wa mbele umeandikwa 192 na sisi tulikuwa tunabishana mbona shamba tulilolijua lina zaidi.

Mmoja wa wale mayatima yupo hai, ni ami yangu, ana miaka sabini na kitu, na alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka. Maisha yake yote kaambiwa huku huna chako, akija msimu wa kuangua anapewa nazi kumi kama zawadi. Hakusema lolote. Akaomba isomwe tena. Ikasomwa. Hafu akauliza, "Kisima kipi? Kile cha zamani au kile alichochimba kaka yake baba?" Kaka yake baba hapo ndiye babu yangu. Nliangalia chini.

Turudi kwenye hesabu, kwa wanaopenda, wasiopenda rukeni aya mbili. Minazi 192. Mzee Mkubwa kaacha wake wawili, wa kiume watatu walio hai, wa kike wawili. Wake wana thumuni kwa pamoja kwa sababu kuna watoto, ambayo ni 24, kila mmoja 12. Imebaki 168, wa kiume mafungu mawili wa kike moja, jumla mafungu manane, fungu moja 21. Mabinti 21 kila mmoja, vijana 42 kila mmoja. Imeisha safi. Hii aliigawa kadhi wa enzi hizo, na kweli Pangani ya wakati wa Mwingereza ilikuwa na liwali na kadhi wake. Mpaka hapa hata apu ilipata.

Mwaka 1961 akafa bi mkubwa na 12 zake. Ana watoto watatu, wawili wa kiume na binti, ni mafungu matano, na 12 kwa tano haigawiki kwa miti mizima. Mzee hapo akaacha kuhesabu minazi. Akasema namba hizi toka sasa ni mafungu, siyo vigogo, akazikuza zote mara tano. Mwaka 1968 akafa mtoto wa kiume wa kwanza wa bi mkubwa, hana mtoto, kaacha mke, na ndugu zake wa baba na mama ni babu yangu na dada yake, na wale wa bi mdogo ni ndugu wa baba tu. Mke robo, kwa sababu hakuna mtoto. Iliyobaki wanachukua ndugu wa baba na mama, mwanamume mara mbili, ni ile aya ya 176 ya Surat An-Nisaa, na wale wa baba tu wanazibwa, hawapati hata kokwa. Apu niliiandikia "ndugu wanne" ikawapa wote. Hapo nusu ikatokea, akazidisha tena mara mbili, jumla ikawa mafungu 1920. Bi mdogo naye alipokufa zake 12 zikaenda kwa wanawe wawili, 8 kwa 4. Mwisho: babu yangu 702, dada yake 351, mtoto wa kiume wa bi mdogo 500, binti wa bi mdogo 250, na mjane wa yule wa kwanza 117. Nikazijumlisha kwa kalkuleta ya simu mara mbili, 1920 kamili. Mzee akaniangalia tu, akanywa kahawa.

Yaani sisi tuliokuwa tunaangua shamba zima, minazi 216, haki yetu ni minazi 70 na kidogo.

Na huyo mjane wa 117 hakuna aliyekuwa anamkumbuka! Shangazi ndiye alisema, "Si yule aliyeondoka na sanduku lake?" Ndiyo hiyo hiyo habari yote iliyobaki, kwamba eda ilipoisha aliambiwa arudi kwao, akabeba sanduku, akavuka kivuko, ikasemekana kaolewa Unguja. Robo ya mumewe hakuna aliyemtajia. Jioni nlimsimulia mke wangu, kwao Shinyanga, akaguna. Akasema afadhali huyo alikuwa na robo ya kunyimwa, kwao ile amri ya sheria za mila ya mwaka 1963, Tangazo la Serikali namba 436, inasema mjane hana fungu kama ukoo wa marehemu upo, atatunzwa na watoto wake. Na ni kweli, wajane wawili wa Kisukuma waliifikisha hiyo mpaka kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake na mwaka 2015 kamati ikaona wameonewa. Sikuwa na la kumjibu, nikaenda kuoga.

Haya, huduma yenyewe kwa anayetaka kwenda. Kusoma karatasi alichukua elfu sitini, kupiga mirathi yote mpaka kizazi chetu laki moja na nusu, nami nlishuhudia mama mmoja mjane akisomewa bure. Kazi ilichukua vikao vitatu. Anasimama kila adhana, usimwambie unawahi gari. Anataka aje mtu wa kila tawi, na wanawake wazee hasa, asipowaona anaahirisha, anasema wanaume wanakumbuka mipaka wanawake wanakumbuka nani alikuwa na mimba wakati gani. Nlichukia nlipoahirishiwa, lakini bila shangazi yule mjane angebaki amesahaulika. Mwisho anakupa chati kwenye manila, wino mweusi kwa mafungu na mwekundu kwa waliokufa, na nakala ya hati kwa herufi za kawaida, mstari kwa mstari. Nakala yake nzuri sana. Chati mwandiko wake ni wa kuku, nlipeleka kwa kijana wa steshenari aichape upya na hata yeye 7 na 1 zilimpiga chenga.

Jueni pia mipaka yake. Karatasi yake siyo hukumu. Mahakama za kadhi za Bara ziliingizwa kwenye mfumo mmoja baada ya uhuru, hatuna kadhi wa serikali kama Zanzibar au Kenya, kwaio ukishapata hesabu bado unaenda Mahakama ya Mwanzo kuomba msimamizi wa mirathi, na ndipo tulipo sasa. Mzee mwenyewe anakwambia hivyo siku ya kwanza, hajidai. Na ukimuuliza kama haki ya 1954 bado inadaiwa leo wakati minazi yenyewe nusu imeshakufa kwa uzee, anasema hilo kamuulize hakimu, mimi nakuambia fungu la nani ni lipi.

Kuhusu mnunuzi wa ufukweni, kashaambiwa asubiri. Kuna baba mdogo wangu mmoja bado anasema ile mistari ya nyuma imeandikwa juzi. Wino umeliwa na moshi wa udi wa miaka, lakini haya.

Nyota ya tano nimeibana kwa sababu hana risiti. Nlimwomba, nina ndugu thelathini wanaonidai mahesabu ya mchango, akachukua kipande cha manila akaandika "nimepokea", kwa herufi za Kiarabu. Kwenye ile chati, pale kwenye 117, ameacha nafasi ya jina. Shangazi anakwenda Unguja baada ya Idi.